Kutoingiliwa si kutoulizwa: jibu kwa mweka hazina wa Makorora

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaani hapa Makorora, Tanga, tunacheza ligi ya wilaya. Niliomba kuona taarifa ya benki ya timu. Katibu akanikatalia mbele ya wachezaji, akasema mambo ya mpira hayaingiliwi, tukianza kuchimbana FIFA itafungia nchi. Jioni tukabishana kijiweni mpaka muuza kahawa akazima jiko lake. Wengine wanasema katibu yuko sahihi. Wengine wanauliza: mbona Marekani iliwakamatisha wakubwa wa FIFA kule Uswisi mwaka 2015 na mpira haukusimama? Naomba jibu la kitaalamu. Marekani ilipata wapi mamlaka hayo? TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikiingia kwenye chama cha soka, tutafungiwa? Na mimi nina haki ya kuona taarifa ya benki au sina?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nakagua vitabu vya vyama, SACCOS na klabu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na hayo maneno ya katibu wako nimeyakuta kila mahali penye mpira. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokuunguza. Haki unayo. Kuiona taarifa ya benki ni kazi yenyewe uliyochaguliwa kuifanya. Mweka hazina asiyeiona amebaki jina tu kwenye barua za timu. FIFA haiijui akaunti ya timu yenu, na hakuna nchi iliyofungiwa kwa sababu mweka hazina kasoma kitabu chake mwenyewe.

Sasa twende Zurich, mji wa Uswisi yaliko makao makuu ya FIFA. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2015 polisi waliingia hoteli ya Baur au Lac, wakawachukua viongozi saba wa soka waliokuja kwenye mkutano mkuu wa FIFA. Waliowakamata walikuwa Waswisi. Marekani iliomba, na mkataba wa kupelekeana watuhumiwa baina ya nchi hizo mbili ukatumika. Siku hiyohiyo hati ya mashitaka ilifunguliwa Brooklyn, New York: watu 14, makosa 47, na rushwa iliyozidi dola milioni 150 katika miaka 24, nyingi ikihusu haki za matangazo na udhamini wa mashindano ya bara la Amerika.

Mamlaka yalipatikana kwa kufuata njia iliyopita fedha. Dola hazisafiri hewani, hupita kwenye benki, na malipo mengi ya watu hawa yalipita benki za Marekani. Juu ya hayo, shirikisho la Amerika ya Kaskazini, Kati na Karibi, CONCACAF, liliwahi kuwa na ofisi New York na baadaye Miami. Hapo sheria za Marekani dhidi ya utapeli wa kielektroniki na utakatishaji wa fedha zikapata pa kushika. Na mlango wa ndani ulifunguliwa na kodi. Chuck Blazer, katibu mkuu wa CONCACAF kuanzia 1990 hadi 2011, alikuwa halipi kodi ya mapato. Wamarekani walipombana kwa hilo akakubali kushirikiana na wapelelezi, na Novemba 2013 akakiri makosa yake kwa siri. Hoja ya mamlaka imeendelea kubishaniwa: mwaka 2023 jaji wa Brooklyn alifuta hatia za washitakiwa wawili akisema sheria ile haifiki kwenye hongo ya kibiashara ya nje ya nchi, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikazirudisha. Kwa hiyo wenzako wa kijiweni walioona hili ni jambo la wazi tu, waambie mawakili wamelitolea jasho.

Utauliza Waswisi wenyewe walikuwa wapi. Hili nalitaka ulielewe vizuri, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Kisheria, FIFA ni chama. Imeandikishwa chini ya Sheria ya Madai ya Uswisi, kuanzia kifungu cha 60, vifungu vilevile vinavyosimamia vyama vidogo vya starehe vya kijijini. Haina wanahisa wa kuuliza gawio liko wapi, na haina bunge la kuiita. Kwa miaka mingi, mtu wa sekta binafsi kumhonga mwenziwe wa sekta binafsi halikuwa kosa la jinai Uswisi. Mwaka 2006 liliingizwa kwenye sheria ya ushindani wa kibiashara, lakini mpaka alalamike aliyeumia. Ni kuanzia Julai 2016 tu ndipo likaingia kwenye kanuni ya adhabu, mwendesha mashitaka akaweza kuanza mwenyewe bila kusubiri mlalamikaji.

Tazama kilichopita kwenye mwanya huo. Kulikuwa na kampuni ya masoko iitwayo ISL, iliyonunua kwa FIFA haki za Kombe la Dunia na kuziuza tena. Kampuni ilifilisika mwaka 2001, na mfilisi alipofungua vitabu akakuta malipo yasiyo na kazi nyuma yake. Nyaraka za mwendesha mashitaka wa jimbo la Zug, Uswisi, zilizowekwa hadharani Julai 2012, zinaonyesha kwamba Ricardo Teixeira, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Brazil, alipokea angalau faranga milioni 12.74 kati ya 1992 na 1997, na João Havelange, rais wa FIFA tangu 1974 hadi 1998, alipokea milioni 1.5 mwaka 1997. Malipo moja yaliyokusudiwa Havelange yaliingia kimakosa kwenye akaunti ya FIFA yenyewe, yakaonwa na wa ndani. Hakuna aliyefungwa. Kesi ilifungwa mwaka 2010 kwa makubaliano ya kurudisha faranga milioni 5.5.

Ndani ya nyaraka hizo mna hoja ya mawakili wa FIFA ambayo kila nikiisoma naweka karatasi chini. Walipoulizwa kwa nini FIFA isidai fedha zake kwa wala rushwa, walijibu kwamba dai hilo lingekuwa gumu, kwa kuwa Amerika ya Kusini na Afrika rushwa ni sehemu ya kipato cha kawaida cha watu wengi. Yaani walikula wao, na ushahidi wa kuwatetea ukawa ni sisi! Mimi nilikuwa Mkwakwani mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara. Nakumbuka kina mama waliouza maandazi nje ya uwanja, wakihesabu chenji mbele ya mnunuzi, senti kwa senti. Hao ndio watu waliotajwa Zug kwamba rushwa ni mshahara wao.

Tuje kwenye hofu ya kufungiwa, ambayo si ya uongo mtupu. Katiba ya FIFA inamtaka kila mwanachama ajiendeshe bila kuingiliwa na mtu wa nje. Novemba 2021 serikali ya Kenya, baada ya ukaguzi uliodai matumizi mabaya ya fedha, iliivunja kamati ya shirikisho la soka na kuweka kamati yake ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Klabu zao zikakosa mashindano ya Afrika na timu ya taifa ikatolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON ya 2023. Waliachiwa Novemba 2022, baada ya serikali kuwarudisha wenye ofisi. Majirani zetu hawa walilia kweli, na waliolia zaidi ni wachezaji ambao hawakugusa hata senti.

Lakini soma vizuri kilichowafungisha. Hawakufungiwa kwa kukagua. Walifungiwa kwa sababu waziri aliondoa viongozi waliochaguliwa na wanachama akaweka wake. Ulinganishe na kwetu. Mwishoni mwa Juni 2017 rais wa wakati ule wa TFF, shirikisho letu la soka, na katibu mkuu wake walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashitaka ya fedha na nyaraka. Mashitaka mengi yalianguka, na kilichobaki kilimalizika kwa faini mwaka 2019. Tanzania haikufungiwa hata siku moja. Agosti 2017 uchaguzi ulifanyika Dodoma, wajumbe wenyewe wakachagua. Tofauti iko hapo: mtu akijibu mashitaka yake mahakamani, chama kinabaki cha wanachama. Serikali ikikalia kiti cha chama, FIFA inafunga.

Na TAKUKURU haihitaji kibali cha Zurich. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inamgusa yeyote anayetoa au kupokea kitu ili mambo ya mwajiri wake au ya chama chake yapindishwe, awe wa serikali au wa binafsi. Yaani hapa kwetu, kosa ambalo Uswisi ilisubiri hadi 2016 kuliingiza kwenye kanuni ya adhabu, lilikuwa tayari kwenye vitabu miaka tisa kabla. Hilo ni la kujivunia, tuliseme kwa sauti. Kwa upande wa uandikishaji, timu na vyama viko chini ya Msajili aliye Baraza la Michezo la Taifa, na kuwasilisha kwake taarifa zinazotakiwa hakujawahi kuwa kuingilia mpira.

Mabaya ya juu hayakuisha na mabadiliko ya 2016 ndani ya FIFA, ingawa yapo yaliyokuwa mazuri: ukomo wa vipindi vitatu vya miaka minne, na mishahara ya wakubwa kutangazwa. Shida iliyobaki ni ileile ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Mei 2017, mkutano mkuu ulipofanyika Bahrain, wakuu wawili wa kamati ya maadili, Cornel Borbély na Hans-Joachim Eckert, hawakupendekezwa tena. Walisema wanaacha mezani mamia ya mafaili. Anayekaguliwa ndiye aliyekuwa na kauli juu ya nani abaki kumkagua. Machi 2023 mjini Kigali rais wa FIFA alirudishwa kwa makofi, bila kura ya siri, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja. Makao makuu hayohayo yanagawa fedha kwa vyama 211 vinavyochagua. Katika mzunguko wa 2023 hadi 2026 wa mpango wake wa maendeleo, FIFA Forward, kila chama kinaweza kupata hadi dola milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mkaguzi akiona mpiga kura na mpokea fedha ni mtu mmoja, hapo ndipo anapovaa miwani.

Kwa sisi wa Tanga hesabu hii tunaweza kuiona kwa macho. Kituo cha ufundi cha Mnyanjani kimejengwa kwa fedha za mpango huo. Panda bodaboda ukakitazame: majengo yapo, uwanja upo. Fedha ya mradi ina heri hiyo, huacha kitu kinachohesabika. Fedha ya uendeshaji, yaani safari, posho, semina na mafuta, huacha karatasi tu. Mimi nikiingia popote kukagua huanza na karatasi hizo. Kanuni za FIFA zinataka fedha za mpango huo zikae kwenye akaunti yake peke yake na zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi wa nje. Hata timu ya mtaani inaweza kuiga hilo la kwanza bila gharama: akaunti ya timu isichanganywe na ya mtu.

Nalisema hili kwa sababu nimelikuta. Klabu moja, sitaitaja, ilikuwa na daftari safi sana, mwandiko kama wa mwalimu. Viingilio vilivyokusanywa getini havikuonekana benki. Kumbe vilikuwa vikitumwa kwenye simu ya mtu mmoja "kwa usalama", halafu anazipeleka benki akipata nafasi. Tulipopanga miamala ya simu na taarifa ya benki tarehe kwa tarehe, mechi kumi na moja hazikufika. Wachezaji walikuwa wakichangishana nauli ya Korogwe mfukoni mwao. Huyo mtu alikuwa mcha Mungu na kila mtu alimpenda, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, acha kubishana na katibu mdomo kwa mdomo. Andika barua kwa mwenyekiti, taja kifungu cha katiba ya timu yenu kinachoeleza kazi za mweka hazina, omba taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili na orodha ya waweka saini. Nakala mpe katibu, akusainie kuipokea. Wakikaa kimya, peleka ombi kwenye mkutano wa wanachama liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari ndio silaha yako, maana maneno ya kijiweni hayana tarehe. Kama jina lako liko kwenye orodha ya waweka saini, nenda mwenyewe kwenye tawi na kitambulisho, watakuchapia. Kama halimo ilhali wewe ni mweka hazina, hilo tayari ni swali la kwanza la kuuliza mkutanoni. TAKUKURU iache mpaka uwe na karatasi mkononi. Ukienda na hasira tupu utarudishwa, na utakuwa umewapa muda wa kusafisha daftari.

Ukizipata, anza na mapato ya getini ya mechi tatu za nyumbani za karibuni. Zipange tarehe kwa tarehe na zilizoingia benki. Ukikwama, njoo ofisini na daftari lenyewe, usiniletee picha za simu.