Taa Kwanza, Plasta Baadaye

Swali la wiki hii: "Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu Kisumu. Kuta zimesimama na bati limepigwa. Niamue lini kuhusu taa, dari na rangi za ndani?"

Amua zote sasa, kabla ya plasta, na uanze na taa. Wengi huanza na rangi, kisha taa zinawekwa popote waya ulipofika: balbu moja katikati ya jikoni, na mpishi anakatia sukuma wiki kwenye kivuli chake mwenyewe.

Ingia kila chumba na chaki na tepu. Chora sakafuni kitanda, makochi, meza, jiko na friji kwa vipimo halisi, na mlango utakapofungukia. Swichi ikae upande wa kitasa, mita 1.2 kutoka sakafu iliyomalizika. Hapo kwenye "iliyomalizika" ndipo mafundi wengi hukosea. Skridi (tabaka la saruji na mchanga juu ya zege) na taili hupandisha sakafu kama sentimita 5, kwa hiyo soketi iliyopimwa kutoka kwenye zege tupu huishia chini kuliko ulivyotaka. Piga mstari wa levo kuzunguka nyumba nzima na kila kipimo kitoke hapo. Chumba cha kulala kiwe na swichi mbili za taa ile ile, mlangoni na kando ya kitanda. Hizo zinahitaji nyaya za ziada kati yake, na baada ya plasta njia yake ni kupasua ukuta.

Waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5 na wa soketi ni 2.5. Shawa ya umeme ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 21, basi ipewe waya wake peke yake, wa 4 au 6, moja kwa moja kutoka kwenye sanduku la swichi kuu. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Paipu za waya zizame ukutani hadi plasta izifunike vizuri. Zikikaa juujuu, ufa utafuata mstari wa paipu toka swichi hadi dari, na rangi haiuzibi. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umenyoosha tepu juu yake, ili siku ya kutundika kabati usitoboe waya.

Idadi ya taa ina hesabu yake. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Kwa mazungumzo na televisheni, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 150 kwa kila mita ya mraba zatosha, yaani 3,000. Lakini kuta na dari humeza sehemu kubwa, basi nunua kama 5,000. Taa ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, kwa hiyo weka sita, zigawe kwa swichi mbili. Ukipenda kuta za kijivu kizito au kahawia, ongeza mbili. Jikoni, taa ielekee ukingo wa mbele wa kaunta. Ukitaka taa chini ya kabati, waya utokeze hapo kabla ya taili.

Dari ya gipsamu isitobolewe kabla taa hazijanunuliwa, maana tundu linalozidi ukingo wa taa ni kiraka cha milele. Subiri pia mvua moja nzito ipime bati. Chini ya bati la Kisumu joto la mchana ni kali, nalo huua haraka draiva za LED, yaani vifaa vidogo vinavyolisha taa umeme. Chagua taa ambayo draiva yake hutenganishwa na kubadilishwa kupitia tundu lile lile. Bafuni usiweke gipsamu ya kawaida, itakunywa mvuke na kulegea.

Karibu na ziwa, vijidudu huja makundi makundi kwenye mwanga mweupe wa barazani na kuchafua ukuta. Mwanga wa njano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3,000 au chini, huwavuta wachache zaidi. Weka taa hiyo mbali na mlango, na madirisha yawe na wavu.

Rangi sasa. Taa iliyobandikwa ukutani au utepe wa LED kwenye pindo la dari humulika ukuta kwa ubavu na kuanika kila wimbi la plasta. Ukuta huo upigwe skimu (tabaka jembamba la kulainisha) kwa makini, na rangi isiwe ya kung'aa. Plasta ya saruji 1 kwa mchanga 4 imwagiliwe maji siku 7, kisha iachwe kama wiki nne kabla ya rangi ya kwanza. Wakati wa masika, zaidi. Bandika karatasi ya nailoni ya futi moja ukutani, uifunge kingo zote kwa tepu usiku kucha. Asubuhi ikiwa na matone upande wa ndani, ukuta bado una maji, na rangi itavimba na kubanduka.

Rangi yenyewe ichague usiku, chini ya taa utakayoitumia, kwenye kipande cha ukuta cha mita moja kwa mita moja. Krimu inayopendeza dukani mchana yaweza kugeuka kijani-kijani chini ya balbu ya kelvini 6,500.