Kobe si jiwe: maswali yenu kuhusu kobe sanduku

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani waliorithi kobe sanduku, yule mwenye bawaba tumboni anayejifungia kabisa ndani ya gamba.

*Mpangaji amehama akaniachia kobe. Alikaa kwenye tangi la vioo akilishwa letusi tu. Macho yamevimba, hayafumbuki, hali chakula. Nimpe nini?* (Ohio)

Maji kwanza, chakula baadaye. Kobe aliyekauka ukimlisha kwa nguvu unaweza kumuua. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni, dakika 20, kila siku. Atatulia, halafu shingo itatoka taratibu, azamishe pua, na koo lianze kucheza: hapo anakunywa. Macho ya namna hiyo mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia, wala usinunue matone ukajipimia mwenyewe. Vitamini hiyo ikizidi, ngozi humbanduka. Akishaona, mpe minyoo ya ardhini, uyoga na boga. Huyu si mbuzi wa kulishwa majani matupu.

*Nipake gamba mafuta ya nazi ling'ae?*

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Gamba ni mfupa hai, lina mishipa ya fahamu. Rangi ya kucha pia hapana, na tundu la kufungia kamba ni ukatili.

*Mdomo umepinda kama wa kasuku. Nikate kwa kikatio cha kucha? Jua anapata, namweka dirishani.*

Usikate, utaupasua hadi kwenye nyama. Daktari ataupunguza kwa kuusaga. Na dirishani hapati kitu. Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, na bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haishiki, gamba linalainika. Mtoe nje kwenye uzio wenye kivuli na maji, au nunua taa ya UVB. Gamba likibonyea chini ya kidole gumba, usingoje hata kesho.

*Amepona. Nimrudishe msituni?* (North Carolina)

Nia yako njema, lakini usifanye hivyo. Kobe hawa huishi maisha yao yote kwenye kipande kidogo cha ardhi. Ukimwacha ugenini atazurura akitafuta kwao mpaka gari limkanyage. Tena anaweza kuwaambukiza wa porini ranavirusi, virusi vinavyoua kobe na vyura. Hapo kwenu ndiye reptilia rasmi wa jimbo tangu 1979, na bado watu wanawaokota njiani wakawape watoto wachezee! Ukimkuta anavuka barabara, mvushe kuelekea kule kule alikokuwa anakwenda, umwache. Huyo wako anaweza kupita miaka 50. Tafuta sasa hivi atakayebaki naye siku wewe ukihama.