Kabla ya Kumpaka Mtu Rangi ya Kijani: Ushauri wa Fundi wa Maleba

Shati la kwanza nililoshona kwa ajili ya filamu ya safari za anga lilikuwa la velveti ya bluu iliyokoza, kitambaa nilichokinunua Kariakoo baada ya kubishania bei na mwenye duka hadi sote wawili tukachoka. Mezani kwangu, penye mwanga wa dirisha, lilikuwa shati la kujivunia: kola imekaa, mabega yamelala vizuri, na utepe wa dhahabu kwenye ncha za mikono nimeushona kwa sindano ya mkono. Siku ya kupiga picha, taa zilipowashwa, nilichungulia kwenye skrini ndogo ya kamera nikamwona nahodha wetu amevaa kitu mfano wa gunia jeusi, hakionyeshi mshono wala mkunjo, huku utepe ukimeta peke yake kana kwamba unaelea hewani. Vijana walionipa kazi ile walinyamaza kwa heshima. Ukimya huo ndio ulionirudisha kwenye tamthilia za zamani za televisheni zinazohusu anga na sayari za mbali, safari hii nikiwa na daftari mkononi.

Ninawaandikia wale wanaoanza kushona maleba, yaani mavazi ya waigizaji, na kupamba nyuso kwa ajili ya filamu fupi, michezo ya shule au video za mtandaoni zenye viumbe wa sayari nyingine. Karibu kila kosa nililolifanya lilikwisha kuwakuta, miaka ya 1960, mafundi walionizidi ujuzi kwa mbali, na namna walivyojinasua imenifundisha mengi.

Chukua Star Trek, tamthilia ya wasafiri wa chombo cha anga, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kudumu misimu mitatu. Mbunifu wa maleba yake alikuwa William Ware Theiss. Mtazamaji yeyote akiulizwa shati la Kapteni Kirk, nahodha wa chombo hicho, lilikuwa la rangi gani atajibu dhahabu, na kwa kilichoonekana kwenye televisheni hakosei. Kitambaa chenyewe, hata hivyo, kilikuwa cha kijani kinachoelekea manjano, mfano wa nyama ya parachichi. Kilikuwa veluri, ndugu wa velveti mwenye manyoya mafupi laini, na taa kali za studio pamoja na filamu ya wakati ule vilikifanya kionekane cha dhahabu. Ushahidi umebaki ndani ya tamthilia yenyewe: shati jingine la Kirk, lile la kufunga ubavuni, pamoja na vazi lake la sherehe, vilishonwa kwa vitambaa vya aina nyingine na vikatoka kijani. Rangi iliyokusudiwa ilikuwa moja. Kitambaa ndicho kilichoamua mtazamaji aone nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na hata ukisahau mengine yote ushike hili, ni kwamba usinunue mita nyingi kabla ya kupeleka kipande mbele ya kamera. Nunua robo mita ya kila kitambaa unachokifikiria, vibandike ukutani kimoja kando ya kingine, msimamishe hapo mwigizaji mwenyewe, washa taa zilezile zitakazotumika, kisha piga picha kwa kamera ileile. Simu yako haitoshi ikiwa filamu itapigwa kwa kamera nyingine, kwa sababu kila kamera ina namna yake ya kusawazisha rangi. Mimi hukigeuza pia kila kipande juu chini, kwa kuwa velveti na jamaa zake hubadilika kulingana na upande manyoya yanakolalia: ukikata mgongo manyoya yakitazama juu na kifua yakitazama chini, utakuwa umeshona shati la rangi mbili bila kukusudia. Velveti nyeusi na ya bluu iliyokoza nimeziacha kabisa kwa wahusika wakuu. Zinameza mwanga, na kazi yako yote ya cherehani humezwa pamoja nao.

Kuhusu rangi ya ngozi, kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwenye kipindi cha kwanza cha majaribio cha tamthilia hiyohiyo, ambamo Susan Oliver alicheza sehemu ya mchezaji ngoma mwenye ngozi ya kijani. Kabla yake rangi ilijaribiwa kwa mwigizaji mwingine, Majel Barrett. Fred Phillips, mpambaji wa nyuso, alimpaka kijani, wakapiga picha, na filamu iliporudi kutoka maabara mwanamke yule alikuwa na ngozi ya kawaida. Wakaongeza kijani. Ikarudi vilevile. Kumbe mafundi wa maabara, ambao hakuna aliyewaeleza lolote, walikuwa wakijitahidi kuirekebisha rangi wakidhani kuna kosa. Siku hizi hatupeleki filamu maabara, lakini maabara ile imehamia ndani ya kamera na ndani ya kompyuta ya mhariri. Kamera iliyoachwa ijisawazishie rangi yenyewe, ikikutana na uso wa kijani uliojaa skrini nzima, hujaribu kuupunguza ukijani huo, na mhariri asiyejua habari humalizia kazi. Mwambie mpiga picha afunge mpangilio huo mapema. Kwa mhariri mimi huandika karatasi: huyu ni wa kijani, na ni makusudi.

Phillips alikuwa akipaka ngozi nyeupe, na maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa ngozi hiyo. Nilipoyafuata kama yalivyo, nikampaka rangi ya bluu ya krimu dada mmoja mwenye weusi wa kung'aa, alitoka kijivu kama aliyepitiwa na vumbi la jivu, na nikaendelea kuongeza krimu mpaka ikaanza kupasuka pembeni mwa mdomo alipocheka. Krimu nyepesi hupitisha rangi iliyo chini yake. Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa ngozi nyeusi tumia rangi nzito ya kidonge inayolainishwa kwa maji, ipake kwa sponji yenye unyevu kidogo kwa kupigapiga, si kwa kusugua, acha tabaka la kwanza likauke kabisa ndipo uweke la pili, na yote mawili yawe membamba. Au fanya ninavyopendelea sasa, uache kupigana na ngozi. Shaba, dhahabu na zambarau iliyokoza hukaa juu ya ngozi nyeusi kwa namna ambayo ngozi nyeupe haiwezi kuiiga, na kiumbe wa sayari nyingine hana sababu yoyote ya kuwa wa kijani. Hata Spock, msaidizi wa Kirk mwenye masikio yaliyochongoka, alikusudiwa awe mwekundu. Kwa kuwa televisheni nyingi za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na wekundu ungeonekana weusi, alipakwa rangi ya kuelekea manjano. Mpambaji alikuwa akiufikiria ukumbi wa mtazamaji. Wewe mfikirie anayetazama kwenye simu ndani ya daladala saa saba mchana, na uache mistari myembamba ambayo ni wewe tu utakayeiona.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwapenda viumbe wenye vichwa vikubwa na pembe. Masikio ya Spock ndiyo yaliyonitoa huko. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, alibadilishwa masikio, nyusi, nywele na rangi kidogo tu, na uso wake ukabaki huru kuigiza. Lakini hata masikio yana gharama. Vipande vya lateksi (mpira laini) ya povu huwa na kingo nyembamba sana ili zisionekane zinapokutana na ngozi, na kingo hizo huchanika wakati wa kubandua, kwa hiyo jozi moja haidumu. Walipowaleta Waromula, watu wenye masikio kama ya Spock, mwaka huohuo wa 1966, waliwavisha wengi wao kofia za chuma zinazofunika masikio. Mtazamaji aliona jeshi lenye nidhamu. Mwenye hesabu aliona masikio ambayo hayakuhitaji kutengenezwa. Ukiwa na wahusika kumi na fedha ya kutengeneza wawili, wafunike wanane kwa sababu inayoeleweka ndani ya hadithi.

Masikio yenyewe unaweza kuyatengeneza nyumbani ukiwa na subira. Ziba tundu la sikio la mwigizaji kwa pamba, paka mafuta ya mgando kwenye nywele za karibu, kisha chukua umbo kwa unga laini ule ambao madaktari wa meno huutumia kuchukulia umbo la meno. Jaza jasi ndani ya umbo hilo upate sikio gumu, ongeza ncha kwa udongo wa kufinyangia, halafu mimina jasi juu yake ili upate kalibu. Ndani ya kalibu paka lateksi ya majimaji tabaka kwa tabaka, nene kwenye ncha na nyembamba kabisa ukingoni, na usipake tabaka jipya kabla la awali halijakauka. Changanya rangi ndani ya lateksi tangu mwanzo, iwe hafifu kuliko unavyotaka, kwa sababu hukoza ikikauka. Kabla ya kubandua nyunyiza poda ya mtoto, maana lateksi ikijigusa hujishika na haikubali tena kuachana. Jozi yangu ya kwanza iliishia kuwa mpira mdogo mfano wa andazi.

Usitumie gundi ya viatu wala gundi ya mbao kwenye ngozi ya binadamu. Nasema hivi nikiwa na aibu, kwa sababu niliwahi kumbandikia kijana mmoja nyusi kwa gundi niliyouziwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akiniapia kwamba haina madhara, na nyusi za bandia zilipotoka ziliondoka na nusu ya nyusi zake. Alikuwa na sherehe ya kaka yake Jumamosi iliyofuata. Nunua gundi maalumu ya ngozi pamoja na dawa yake ya kuondolea, na siku moja kabla ya kazi paka tone moja la kila kitu ndani ya kiwiko cha mwigizaji, kwa kuwa wako watu ambao lateksi huwavimbisha.

Kuna jambo katika tamthilia hizo ambalo siwashauri mliige. Waklingoni, maadui wa Kirk na wenzake, walipoonekana mara ya kwanza, mwaka 1967, hawakuwa na mifupa ya paji la uso tunayoijua. Hiyo ilikuja na filamu ya Star Trek ya 1979. Walikuwa waigizaji weupe waliopakwa kahawia na kubandikwa ndevu, na kwa njia hiyo mtazamaji alielewa kwamba hawa ndio wabaya. Haya yalifanyika katika tamthilia ileile iliyompa Nichelle Nichols nafasi ya Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, jina lililotokana na neno letu uhuru, na ambayo katika kipindi chake cha kwanza kurushwa ilikuwa na kiumbe anayejigeuza kijana mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Ukitaka ubaya uonekane, uweke kwenye mkato wa bega, kwenye kola inayobana shingo, kwenye mwendo. Rangi ya ngozi iache.

Uingereza walikuwa na fedha kidogo zaidi, na ndiyo maana nawatazama zaidi. Doctor Who, tamthilia yao ya msafiri wa anga na wakati, ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, na mwezi uliofuata ikayaleta Madaleki, maadui wanaoishi ndani ya maganda ya chuma, yaliyobuniwa na Raymond Cusick. Alichotaka kukiondoa ni umbo la mtu, na akaanzia miguuni: mwigizaji aliketi ndani ya ganda na kulisukuma kwa nyayo zake, kwa hiyo kitu kile kinateleza badala ya kutembea. Kinyago kizuri juu ya suruali ya kawaida humtambulisha mtu papo hapo. Ficha magoti, na nusu ya kazi imekwisha. Cusick alikuwa mwajiriwa, kwa hiyo hakupata mrabaha wakati Madaleki yalipogeuka vitu vya kuchezea watoto, ilhali mwandishi wa hadithi, Terry Nation, alinufaika. Andikianeni mkataba kabla hujakata kitambaa.

Mwaka 1975 mafundi wa Doctor Who walimgeuza mtu kuwa mdudu kwa plastiki ya viputo vya hewa, ile ya kufungia vyombo visivunjike, iliyopakwa kijani. Wakati huo Waingereza wengi hawakuwa wameizoea. Leo kila mtoto ameiminya, na akiiona atacheka, kwa hiyo kanuni ya kuchukua kitu cha kawaida inakudai utafute kitu ambacho watazamaji wako hawajakishika. Mimi nimefanikiwa na mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande kama magamba; sijafanikiwa na trei za mayai, ambazo hata zikipakwa fedha hubaki trei za mayai.

Mwisho ni mwili ulio ndani ya vazi. Kiumbe mjusi aliyepigana na Kirk mwaka 1967 alikuwa mtu ndani ya suti ya mpira, kwenye miamba yenye jua karibu na Los Angeles, na zaidi ya mtu mmoja walipokezana kuivaa. Kwa joto la Dar es Salaam dakika ishirini ndizo ninazoruhusu, kisha kichwa kinavuliwa na maji yananywewa. Weka zipu mahali ambapo mwigizaji ataifikia mwenyewe, na ikiwezekana mbili, maana utakuja kuulizwa chooni anakwendaje na hutakuwa na jibu.

Mashati yale ya veluri ya Theiss yalikuwa yakirudi kutoka kwa dobi yamepungua, kila safari kidogo, hadi msimu wa tatu walipohamia kitambaa cha nailoni kilichofumwa. Mimi sasa huloweka kitambaa chote kwenye ndoo usiku mmoja, hukianika kivulini, hukipima tena kabla ya kugusa mkasi, na huacha pindo la vidole vitatu ndani ya kila mkono wa shati.