Mipira mitatu kwa misimu mitatu: Sauce Gardner ana thamani hiyo kweli?

Swali: Kocha, shikamoo. Nimehamia Indianapolis na nimeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani. Novemba 2025 Colts, timu ya hapa, walitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya), pamoja na mpokeaji, yaani mdaka pasi, Adonai Mitchell, wakamchukua konabeki Sauce Gardner, beki wa pembeni anayewakaba wapokeaji, kutoka New York Jets. Lakini misimu yake mitatu ya kwanza, 2022 hadi 2024, alinasa mipira mitatu tu iliyorushwa na wapinzani. Trevon Diggs, akiwa Dallas, alinasa 11 katika msimu mmoja wa 2021. Nyinyi mnaopima wachezaji mnaona nini ambacho mimi sikioni? Na mbele yake kukoje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna takwimu inayodanganya kwenye nafasi hii kama hiyo ya kunasa mipira. Msimu huohuo aliponasa mipira 11, wapokeaji aliowakaba Diggs walipata zaidi ya yadi 1,000. Alikuwa akimwacha mtu wake na kuukimbilia mpira. Akiupata, uwanja mzima unasimama. Akiukosa, mtu yuko peke yake na nyuma hakuna beki.

Sasa mtazame Nnamdi Asomugha, konabeki wa zamani wa Oakland. Mwaka 2006 alinasa 8, mwaka uliofuata 1. Kiwango hakikushuka hata kidogo. Makwotabeki, yaani warusha pasi, walikoma kurusha upande wake. Konabeki anayekaba sawasawa anaweza kumaliza mechi bila kutajwa, na runinga haikusaidii kumwona, maana kamera hufuata mpira. Sisi tunafanya kazi na video inayopigwa kutoka juu, wachezaji wote 22 wakionekana.

Nikimfungua Gardner kwenye video hiyo naanza na miguu. Anasimama karibu uso kwa uso na mpokeaji, magoti yamekunjwa, wala harudi nyuma haraka. Anasubiri. Mpokeaji anatikisa mabega, anatupa kichwa kushoto, na miguu ya Gardner bado imetulia kwa sababu macho yake yako kiunoni mwa yule mtu. Kichwa kinaweza kwenda kushoto na mwili ukaenda kulia, kiuno hakiwezi. Kisha anatoa mkono mmoja, mkono wa inchi 33.5, anaugandisha kifuani, na mpokeaji anachelewa kidogo tu. Kwotabeki hana muda wa kumsubiri, anarusha kwingine. Kwenye takwimu hapo hakuna kilichoandikwa, na mimi hiyo naihesabu kuwa kazi bora kabisa. Hata walipomjaribu mwaka 2022, aliharibu pasi 20, nyingi kuliko beki yeyote wa ligi.

Madoa yapo, na 2024 yalionekana wazi. Alikosa kuwaangusha wabeba mpira waliopaswa kuishia mikononi mwake, na bendera za waamuzi, zinazorushwa kuonyesha kosa, zilimwandama. Sheria ya NFL, ligi yenyewe, inamruhusu beki kumgusa mpokeaji ndani ya yadi 5 za mwanzo. Kumzuia zaidi ya hapo, au kumshika popote, ni adhabu ya yadi 5 na wapinzani wanaanza upya hesabu ya majaribio yao ya kusogeza mpira. Beki mwenye mikono mirefu huitegemea, na mpokeaji anapokata ghafla kuingia ndani, vidole hubaki kwenye jezi.

Kuhusu mbele yake: amezaliwa Agosti 2000, na kwa kawaida makonabeki huanza kupoteza kasi wakikaribia miaka 30. Mwili haunitii wasiwasi. Ninachokiogopa ni matumizi. Asomugha alipokwenda Philadelphia mwaka 2011, akiwa na miaka 30, walimtoa kwenye kukaba mtu kwa mtu pembeni, wakampeleka ndani na kumfanya akabe eneo. Baada ya misimu miwili waliachana naye. Umri ulichangia, lakini pia walinunua kisu kikali wakakitumia kama jembe. Gardner akiachwa pembeni, uso kwa uso na mpokeaji bora wa wapinzani, naona miaka minne au mitano ya kiwango cha juu. Bei ni kubwa, hata hivyo, na lile chaguo la pili mimi ningesita kulitoa.

Ukienda uwanjani, usiufuate mpira. Mwangalie yeye tu kwa robo nzima ya mechi, uhesabu mara ngapi anashika. Bendera zikiongezeka, chunguza miguu kabla ya kulaumu mikono, kwa sababu beki hushika pale anapokuwa ameshachelewa.