Mama kucheza muziki baada ya kiharusi

Pole kwa kuuguza dada angu. Umeuliza kama mama, aliyepigwa na kiharusi miezi 5 iliyopita na mguu wa kushoto bado mzito, ni sawa acheze maana akisikia taarab tu mabega yanaanza. Mi naona mwacheni acheze jamani, ila kwanza presha iwe imetulia na mtu wa fizio (wa mazoezi ya viungo) awape ruhusa.

Anzeni akiwa amekaa kwenye kiti kisichoyumba, apige mguu chini kufuata mdundo, ukiona anaweza ndo asimame ashike meza, we kaa kushoto kwake manake huko ndo ataangukia, na usimvute ule mkono uliolegea hata kidogo, bega linaumia kirahisi sana. Mdundo unamsaidia kupanga hatua, ndo maana hata mazoezi ya kutembea wengine wanawekewa muziki. Uwe wa polepole lakini, singeli hapana 😂

Dakika 10 kila siku ni bora kuliko lisaa lizima jumapili. Mkeka toeni, kandambili asivae. Akihisi kizunguzungu akae, ila mdomo ukipinda au maneno yakigoma ghafla, hospitali saa hiyohiyo.