Maswali ya wasomaji: Jezi ya marehemu ami

SWALI: Asalaam aleikum. Marehemu ami yetu ametuachia jezi ya Gor Mahia aliyopewa na mchezaji mwaka 1987, timu ilipotwaa Kombe la Mandela, kombe la washindi wa Afrika. Ina madoa ya jasho na saini mgongoni. Mtu anayetaka kuinunua asema tuifue kwanza. Yaweza kufika bei gani?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Msiifue kabisa! Jasho, tope na nyuzi zilizochomoka ndivyo vinavyoonyesha kuwa ilivaliwa uwanjani.

Bei za siku hizi zinatia tamaa kweli. Jezi ya Maradona ya mechi na Uingereza, Kombe la Dunia 1986, iliuzwa mnadani Mei 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7. Ya Babe Ruth, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ya 1932 ikapita dola milioni 24 Agosti 2024. Lakini hiyo ya Maradona ilizua ubishi: binti yake alidai ni ya kipindi cha kwanza, siyo ile aliyofungia mabao kipindi cha pili. Wataalamu wakailinganisha na picha za mechi: nembo imekaa wapi, mistari imekutanaje na namba. Jezi zile ziliwekwa nembo na namba kwa haraka, kwa hiyo kila moja ilikuwa na kasoro zake, na kasoro hizo ndizo zilizoitambulisha.

Nanyi ipigeni picha mbele, nyuma, lebo na kila mshono wa namba, kisha mtafute picha za magazeti ya 1987. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ina magazeti ya zamani. Aliyeshuhudia ami akipewa na aandike sasa: nani alimpa, wapi, lini, kisha atie sahihi na tarehe. Kabla ya hapo bei yoyote mtakayotajiwa ni ya kubahatisha.

Kuhifadhi ndiko kugumu zaidi kwenu. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupitisha unyevu wa chumvi, basi isikae karibu nao. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, jasho huota ukungu. Sanduku la bati huacha kutu isiyotoka. Ilazeni katika boksi la kadibodi isiyo na asidi, na karatasi laini isiyo na asidi ndani ya mikono na kila mkunjo. Vijipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vikae pembeni, visiguse kitambaa, na mvikaushe mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Dawa ya nondo hulainisha namba za plastiki, iacheni. Saini iliyofifia isipitiwe tena kwa kalamu.

SWALI: Nauziwa picha ya mchezaji yenye saini na cheti. Cheti chatosha?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hakitoshi, thamani yake hutegemea aliyekitoa. Itazame saini kwa kioo cha kukuza: iliyochapishwa huonyesha vitone vilivyopangika, ya kalamu ina mstari unaonenepa na kukonda. Kisha ihakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyokitoa, uifungue mwenyewe, usifuate kiungo alichokutumia muuzaji.