Kabla hamjabomoa nyumba ya bibi wa watu: kwa vijana mlioanza utumishi mwaka huu

Kamwene wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Kila mwaka kipaimara kikishapita na viongozi wa vijana wakishachaguliwa, mtaa, yaani tawi la usharika, unapata watu wapya wenye moto. Nawapenda kwa moto huo, na bila ninyi sharika nyingi za huku juu Njombe zingebaki na wazee wanaokohoa tu. Lakini hivi karibuni, wakati wa matangazo, nimemsikia tena kijana mpya wa kamati ya diakonia, ile ya kuhudumia wahitaji, akisimama mbele na kusema, "Tumeguswa, tutamjengea bibi yetu nyumba kabla ya mvua." Vigelegele vikapigwa. Mimi nilishtuka moyoni, maana nyumba ya namna hiyo nilishaisikia ikiahidiwa zamani, na najua ilivyokwenda. Ndiyo maana naandika. Mambo mengine nitayapitia haraka, hilo la nyumba nitakaa nalo.

1. Acheni kuwagombanisha Paulo na Yakobo.

Kila kundi jipya linagundua Warumi 3:28, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria," halafu linafungua Yakobo 2:24, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake," na Jumamosi nzima ya mafunzo inaishia hapo kwa kelele. Someni polepole. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, tena wote wananukuu mstari uleule wa Mwanzo 15:6. Paulo anasisitiza kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa, yaani kabla hajawa na chochote cha kumwonyesha Mungu. Yakobo anatazama mbele, Mwanzo 22, siku Ibrahimu alipompeleka Isaka mlimani, anasema imani ile ya mwanzo ndiyo iliyoonekana pale. Paulo anamjibu mtu anayekuja kwa Mungu na orodha ya mazuri yake. Yakobo anamjibu mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha anaondoka. Hebu mwambie mtu wa Makete maneno hayo mwezi wa saba, baridi ile, naye hana hata ukuni mmoja.

Martin Luther mwenyewe, ambaye kanisa letu la Kilutheri limepata jina kwake, alipata shida na Yakobo. Katika dibaji ya Agano Jipya aliyoitoa mwaka 1522 aliufananisha waraka ule na mabua makavu, na maneno hayo hayakubaki katika matoleo yake ya baadaye. Lakini katika kitabu hichohicho, kwenye dibaji ya Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, hakiulizi kama kuna jema la kufanya, maana kabla ya kuulizwa kimeshalifanya. Anayejiita Mlutheri kisha akasema matendo hayamhusu, hajamsoma Luther.

Na msitumie jambo hili kuwachokoza ndugu zenu Wakatoliki. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Shirikisho la Kilutheri la Dunia na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho tunayempokea ndiye anayetuwezesha na kutuita kwenye matendo mema. Wengi wenu mna shangazi Mkatoliki, na mkiugua sana mnapelekwa hospitali ya Ikonda kwa Wamisionari Wakatoliki wa Consolata bila kuulizana habari za Yakobo.

2. Msibomoe kabla hamjawa na mabati.

Ilikuwa mtaa mmoja wa huku juu, sitautaja. Bibi mmoja mjane alikuwa analea wajukuu wawili ambao wazazi wao walishafariki. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na nyasi juu, kona moja imeinama, na mvua ikinyesha anasogeza kitanda. Vijana walikwenda kumwombea siku ya jumuiya wakaguswa kweli. Nasema kweli, kwa sababu machozi yao niliyaona. Jumapili wakasimama mbele ya kanisa wakaahidi nyumba.

Ulikuwa mwezi wa nane. Mahindi yamevunwa, barabara inapitika, ndio msimu wa kujenga. Jumamosi ya kwanza walikuja wengi, wanaimba. Na kwa kuwa kubomoa ni kazi ya haraka na inayoonekana, wakabomoa. Kufika mchana nyumba ya zamani ilikuwa chini, nguzo nzuri zimepangwa pembeni, nyasi zimechomwa moto. Bibi na wajukuu wakahamia kwenye jiko la jirani, "kwa wiki chache tu bibi."

Jumamosi iliyofuata wakachimba msingi. Baada ya hapo watu wakapungua. Mawe yaliletwa, msingi ukapanda kidogo, ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyejua mabati yatatoka wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaongea na mtu. Aliyeahidi saruji alikuwa amesafiri. Tanuri la matofali walilolitegemea lilikuwa la mtu aliyetaka hela yake, na ana haki. Halafu yakaja mashindano ya kwaya ya jimbo, Jumamosi zote zikawa za mazoezi. Baada ya kwaya ikaja semina, na mada yake ilikuwa imani. Vijana walijaa.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza. Msingi ukajaa maji. Bibi akakaa jikoni kwa watu msimu wote wa mvua, analala karibu na mafiga, wajukuu wanaamka macho mekundu kwa moshi wanakwenda shule.

Kilichoniumiza kuliko nyumba ni kwamba wale vijana waliacha kumtembelea. Hawakumchukia. Waliona aibu, na aibu ikawafanya wazungukie njia ya bondeni wakienda kanisani ili wasipite kwake. Hivyo bibi alipoteza nyumba, akapoteza na watu waliokuwa wanakuja kusali naye. Mchungaji alipokwenda kumpa Chakula cha Bwana nilikuwepo. Hakulalamika hata kidogo, ila alisema, "Ile nyumba ilikuwa inavuja, lakini ilikuwa inavuja kwangu."

Wanangu, wale hawakuwa wanafiki. Mkiwaita wanafiki mtajiona ninyi mko salama, na hamko salama. Waliamini, waliomba, walilia. Lakini vigelegele vya Jumapili viliwapa raha ileile ambayo mtu huipata kazi ikiisha, na walipokwisha kuipata, mioyo yao ikatulia. Kuahidi mbele ya madhabahu kulichukua nafasi ya kujenga. Hapo ndipo ninapopaogopa kuliko mahali pengine pote katika maisha ya kanisa, maana anayekataa kabisa kusaidia anajua kwamba amekataa, lakini aliyeahidi kwa machozi anarudi nyumbani akidhani ametenda.

Bwana alishalisema hili katika Luka 14:28, kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Tumezoea kuuhubiri mstari ule kama habari ya kubeba msalaba, na ndivyo ulivyo, lakini hata kwa ujenzi wenyewe ni mstari mzuri. Ketini. Andikeni mabati mangapi, mbao ngapi, fundi nani, na atakula kwa nani. Mabati yakishakuwa stoo ya kanisa ndipo mguse paa la mtu, na tangazo liwe la mwisho kabisa.

Nyumba ile ilimaliziwa mwaka uliofuata baada ya mvua kukatika. Walioimalizia ni akina mama wa umoja wa wanawake, waliokusanya mahindi debe kwa debe wakauza, na mafundi wawili ambao mmoja wao wala hakuwa msharika wetu. Vyumba viwili na baraza. Kanisani halikusomwa tangazo lolote.

3. Simu ikae mfukoni unapompa mtu sukari na sabuni.

4. Msimfanyie Mungu kazi kama mnalipa deni.

Hili linawapata waliookoka juzi, hasa wenye maisha ya nyuma yanayowaumiza. Anafagia kanisa, anakesha, anafunga, anabeba wagonjwa, na siku moja akikosa mkesha anaanza kutetemeka kwamba Mungu amemwacha. Nimemkuta kijana wa namna hiyo amelala chini ya meza ya vestri, amechoka mpaka hawezi kula. Nilimwambia arudi kwao akalale kitandani, na Jumapili aje akae benchi la nyuma asikilize tu. Alikasirika. Alikuja.

Someni Waefeso 2 mpaka mstari wa 10, msiishie wa 9. Wa 8 na wa 9 unasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Ninyi mnaopanda maparachichi mnalijua jambo hili: hakuna mkulima wa Njombe anayefunga matunda kwa kamba kwenye mche ili uwe mparachichi. Anapandikiza, anamwagilia, anasubiri, na mti ukishakuwa hai unazaa wenyewe. Ukifika msimu wa tatu na wa nne hauna kitu, hapo sasa ana haki ya kuuliza kama uko hai.

5. Ombeeni wagonjwa, na muwapeleke kliniki.

Mkoa wetu tumezika sana. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta Njombe asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Kwa hiyo kijana anayeanza utumishi huku atakutana na mtu anayetumia dawa za VVU mapema tu, pengine kwenye kwaya yake. Usimwambie mtu aache dawa ili kuonyesha imani. Usimwambie hata kwa kuzungukazunguka. Dawa zile ni za kila siku, na anayeziacha virusi vinaongezeka upya. Wazee wetu katika imani hawakutenga mambo haya. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, Wamoraviani wakaanza Rungwe mwaka huohuo, na penye kanisa pakafuata shule na dawa. Ilembula na Bulongwa ni hospitali za kanisa mpaka leo.

Jumuiya moja ninayoijua walikuwa na mama anayeona aibu kukaa foleni ya CTC, kliniki ya dawa za VVU. Wakapangana, kila tarehe yake mmoja anakwenda naye, anakaa naye kwenye benchi, wanarudi pamoja wakiongea habari za mbolea. Hawakufanya ibada maalumu juu ya jambo hilo. Na katika kipaimara mmeikariri wenyewe maana ya amri ya tano, Usiue, katika Katekisimo Ndogo: tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika shida zake zote za mwili. Mlipata alama nzuri. Sasa tarehe ya kliniki ya jirani yako ni lini?

6. Kwenye mnada baada ya ibada, usipandishe bei ya kuku kwa hela usiyonayo.

7. Anzeni na gunia.

Hili baadhi yenu hamtalipenda, kwa sababu mmeshaanza biashara ya viazi. Kuna ndugu anaimba vizuri, anatoa fungu la kumi, na shambani ananunua kwa lumbesa: gunia limeshonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja wakati limepakiwa gunia na nusu. Serikali imelikataza, Wakala wa Vipimo wanalipigia kelele, naye anajibu kwamba kila mnunuzi anafanya hivyo. Mkulima anayeibiwa mara nyingi ni yuleyule bibi tunayempelekea sukari Jumapili.

Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, naye alikuwa na mambo ya namna hiyo. Angalieni utaratibu wa Luka 19. Yesu alimwita kwanza, akaingia nyumbani mwake huku watu wakinung'unika, wakati Zakayo hajarudisha hata senti. Hiyo ndiyo neema. Kisha Zakayo akasimama akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Hakusema ataanzisha kikundi cha maombi. Alikwenda palepale alipokuwa anaibia watu.

Kwa hiyo wale wenu mnaonunua viazi Makete na Wanging'ombe msimu huu, sitaki kwanza kusikia ushuhuda. Nendeni na mizani shambani, pimeni mbele ya mwenye mali, mlipe kilo zilizopo. Faida itapungua, najua, na tajiri anayewatuma kutoka mjini atawapigia simu kwa hasira. Mkikwama naye njooni nyumbani tuongee kabla gari halijapakia. Mchungaji ameshakubali tukae naye jioni za Alhamisi, na kuna mnunuzi wa siku nyingi atakuja kuwaelekeza anavyopiga hesabu zake bila kilemba.